Kadutu: Klore ya bidoni haiwezi kuchukua nafasi ya bomba

BUKAVU – Kila mara kolera inapozuka katika komini ya Kadutu, jibu la kwanza huwa lile lile. Maajenti wanawekwa mahali watu wanapochota maji, na kila bidoni ya lita 20 inatiwa klore kwa sindano kabla ya kubebwa nyumbani. Kazi hiyo inaokoa maisha. Lakini ni nyongeza, na nyongeza ikiachiwa kazi yote, ugonjwa unarudi.

Wanaotunza mabwawa ya kuogelea wanaijua kanuni hiyo. Mabwawa mengi hufungiwa taa za miale ya UV ama mashine za ozoni ili kuua vijidudu ambavyo klore peke yake inachelewa kuviua. Hata hivyo, vifaa hivyo husafisha maji yanapopita ndani yake tu. Ndiyo maana klore lazima ibaki ndani ya bwawa lenyewe.

Maji ya kunywa nayo ni hivyo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza klore inayobaki majini iwe angalau miligramu 0,5 kwa lita baada ya dakika 30, na isishuke chini ya 0,2 pale mtu anapochota. Kiasi hicho kidogo ndicho kinachoyalinda maji njiani.

Na kule Kadutu njia ni ndefu. Maji ya REGIDESO yanatoka Murhundu, upande wa Kabare, kisha yanateremka hadi kwenye milima iliyojaa nyumba zilizobanana, kama Cimpunda, Nyamugo na Nkafu. Mmomonyoko wa udongo unaacha mabomba wazi, na watu wanaojiunganishia maji kwa siri wanayatoboa. Maji yanapokatika, nguvu ndani ya bomba inashuka, na uchafu wa mfereji ama wa choo unaingia kupitia nyufa. Yakirudi, klore iliyotiwa kwenye mtambo imekwisha kuliwa na uchafu huo.

Somo la Uvira

Ushahidi upo hapa hapa Kivu ya Kusini. Watafiti walilinganisha maji yaliyotolewa kila siku na mtambo wa REGIDESO wa Uvira na idadi ya wagonjwa walioingia kituo cha matibabu ya kolera, kati ya mwaka 2009 na 2014. Utafiti huo ulitolewa mwaka 2015. Mtambo ukisimama, wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na kolera waliongezeka kwa 155% katika siku 12 zilizofuata, ukilinganisha na siku ambazo maji yalitoka vizuri. Karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne alihusishwa na upungufu wa maji ya robine.

Robine ikikauka, mama hangoji. Anatuma mtoto ziwani ama kwenye kijito, na kule si kila mara ajenti yupo. Hata akiwepo, maji yenye matope yanakula klore haraka, na bidoni yenye utelezi ndani inaimaliza kabla ya kesho yake. Familia inaamini maji yametibiwa, kumbe hayana tena kinga.

Nyongeza iliyo bora

Iko njia ya katikati. Katika mitaa maskini ya Bangladesh, kifaa kinachotia klore chenyewe, bila umeme, kilifungwa kwenye robine za pamoja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuhara kwa watoto kulipungua kwa 23%. Hakuna aliyelazimika kukumbuka kipimo wala kungoja ajenti. Lakini kifaa hicho nacho kinahitaji kitu ambacho Kadutu inakosa mara nyingi: maji yanayopita ndani ya robine.

Hapo ndipo swali la pesa linaingia. Maajenti wa klore hulipwa zaidi na mashirika ya misaada, na mkataba ukiisha wanarudi nyumbani. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake mingi ya nje. Mwezi wa pili mwaka huo huo, AFC/M23 iliingia Bukavu, na benki zikafungwa. REGIDESO ni kampuni ya serikali yenye makao Kinshasa. Nani atanunua klore ya mtambo, na nani atabadilisha bomba lililopasuka Nyamugo?

Jambo moja halihitaji kungoja amani. Kidonge cha kupima klore kikitiwa ndani ya maji, rangi ya waridi inaonyesha kinga bado ipo. Eneo la afya la Kadutu na wakubwa wa kartie wakipima kila juma, kwenye robine na ndani ya nyumba, kisha wakatangaza matokeo pamoja na saa ambazo maji yalitoka, wakaaji watajua ni mtaa gani uko hatarini kabla mgonjwa wa kwanza hajabebwa hospitalini. Kuhesabu bidoni zilizotiwa klore hakutoshi. Kinachopaswa kuhesabiwa ni siku ambazo bomba lilikauka.