Tulicheza Sala Bila Kujua Ni Sala



Jumamosi iliyopita nilifungisha harusi. Ibada ikaisha vizuri, picha zikapigwa, watu wakaingia hemani kula. Dijei akaweka "Jerusalema". Unajua kilichofuata. Mashangazi waliokuwa wakilalamika magoti wakasimama. Wapishi wakatoka jikoni na miiko mkononi. Mstari ukajipanga wenyewe, mguu mbele, mguu nyuma, geuka. Mama mmoja wa ushirika wetu akanisogelea, akaninong'oneza: "Pasta, huu wimbo unauruhusu? Si mwaka ule uliuzima?"

Ni kweli, niliuzima. Na kwa kuwa niliuzima mbele ya watu, nadhani ni haki nilizungumze jambo hili mbele ya watu.

Ilikuwa Agosti 2020. Mnakumbuka makanisa yalikuwa yamefunguliwa tena Julai kwa masharti: watu 100 pekee, ibada ya saa moja, watoto wa chini ya miaka 13 na wazee wa zaidi ya miaka 58 wabaki nyumbani. Nilikuwa mchungaji mwenye hasira. Nusu ya kondoo hawaruhusiwi zizini, sadaka imekauka, mazishi hayaishi, kafyu inatukimbiza barabarani. Jumapili moja ibada ya vijana imekwisha, watu wanatoka wakiachiana nafasi, na kijana wetu wa mitambo akaweka ile rimiksi ya "Jerusalema" yenye sauti ya Burna Boy. Vijana wakaanza kucheza palepale uani, barakoa usoni. Nikatembea hadi kwenye meza ya mitambo, sikusema neno, nikavuta waya. Spika ikalia kama mbuzi, ikanyamaza kabisa.

Kisha nikawahubiria. Ibada ilikuwa ya saa moja, lakini hasira haina saa. Nikawapa Zaburi 137. Watu wa Yuda wako uhamishoni kando ya mito ya Babeli, vinubi wamevitundika mitini, na waliowateka wanawataka wawaimbie nyimbo za Sayuni ili wachangamke. Nikasema, mnaona? Babeli siku zote inataka wimbo wa Sayuni uwe kiburudisho. Mji wa Mungu leo umekuwa chalenji ya TikTok.

Wazee wakaitikia amina. Yule kijana akakunja nyaya zake, akaenda. Hakurudi tena kwenye meza ile.

Sasa nisikilize vizuri, mpendwa, kwa sababu hapa ndipo aibu yangu ilipo. Katika watu wote waliokuwa uani siku ile, mimi nikiwa wa kwanza, hakuna aliyeuliza: wimbo huu unasema nini? Chuo cha Biblia kilinifundisha nisihubiri mstari kabla sijaangalia muktadha wake. Lakini wimbo niliuhukumu hata lugha yake siijui.

Aliyenifumbua macho ni dada mmoja wa kanisani aliyewahi kufanya kazi Durban. Ilikuwa 2021, tunarudi kutoka mazishini ndani ya matatu tuliyokodi, na wimbo ukapigwa redioni. Nilikuwa nafungua kinywa kumwambia dereva abadilishe stesheni. Yule dada akafumba macho, akaanza kuuimba polepole, machozi yanamtiririka. Nikamuuliza, "Dada, kwani unasema nini?" Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa maji ni kitu gani.

"Pasta, hiyo ni sala."

Ni Kizulu. Mwimbaji anasema makao yake ni Jerusalema, si hapa. Anamsihi Bwana amlinde, afuatane naye, asimwache njiani. Basi. Wimbo wote uko hapo, unarudiwa na kurudiwa. Ukitaka kuuweka kwenye Biblia yako, uweke karibu na Waebrania 13:14, pale mwandishi anaposema hapa duniani hatuna mji wa kudumu.

Na Kizulu si lugha ya mbali. Mtu kwao ni umuntu, watu ni abantu, maji ni amanzi, nyama ni inyama. Ni binamu yetu. Binamu alikuwa anasali sebuleni, sisi tunasema anapiga kelele.

Nikaanza kuufuatilia. Mdundo ulitengenezwa na kijana wa mkoa wa Limpopo, kaskazini mwa Afrika Kusini, Kgaogelo Moagi, ambaye wengi wanamjua kama Master KG. Alikuwa na miaka 23. Mdundo ulikuja kwanza, kompyuta na kibodi, ile hausi ya kwao Limpopo. Kisha akamtafuta Nomcebo Zikode, mwanamke wa KwaZulu-Natal ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiimba nyuma ya waimbaji wengine, naye akaja na sauti na yale maneno. Wimbo ukatoka mwishoni mwa 2019. Corona ilikuwa bado haijaufikia ulimwengu. Walikuwa wanaimba tu, hawakujua wanauandaa kwa ajili ya mwaka gani.

Februari 2020 kikundi cha wachezaji wa Angola, Fenómenos do Semba, wakajirekodi uani wakiucheza huku wameshika sahani za chakula na wanaendelea kula. Hapo ndipo ule mtindo wa mstari ulipoanzia. Juni ikaja rimiksi na Burna Boy wa Nigeria, na mwaka huohuo rimiksi nyingine yenye sauti za Kihispania, Micro TDH wa Venezuela na Greeicy wa Kolombia. Septemba Rais Ramaphosa aliwaomba raia wake waucheze siku ya tarehe 24, Siku ya Urithi. Wauguzi wa Ulaya wakaucheza kwenye korido za hospitali. Mapadre na watawa wakaucheza. Polisi wa Uswisi wakawapa changamoto polisi wa Ireland, nao wakajibu kwa kucheza na sare zao.

Hebu fikiria hilo. Mwaka ambao mataifa yalifunga milango ya nyumba za ibada, sala ya Kizulu ikapita kila mpaka bila pasipoti. Wengi walioicheza hawakujua wanachoomba. Nesi wa Ujerumani aliyevaa gauni la plastiki na kulala saa tatu usiku uliopita, miguu yake ilikuwa inaomba asiachwe njiani. Sijui Mungu anahesabuje sala ya namna hiyo. Zamani ningekuwa na jibu la haraka.

Turudi Zaburi 137, maana niliitumia vibaya. Wale mateka walikataa kuimba kwa sababu kila neno la wimbo walijua uzito wake. Kuutoa kwa watu wa kuchekelea kungewapasua. Mimi nilikataza kwa sababu sikujua hata neno moja. Hilo si jambo moja, ingawa kwa nje yote mawili yanaonekana kama utakatifu.

Lakini usishangilie haraka, kijana. Sijamaliza na wewe pia.

Wimbo huu unanasa. Umejengwa unase. Mapigo yanayopita 120 kwa dakika, ngoma ile ile haibadiliki, tuni fupi inayozunguka hadi inalala nawe na kuamka nawe. Hilo peke yake si dhambi. Pambio zetu zinafanya vivyo hivyo. Maneno machache, yanarudiwa mara ishirini, makofi, na mama wa miaka sabini anaondoka amelibeba neno moyoni bila kujua kusoma. Kurudia ni njia ya zamani ya kupanda neno. Hatari yake ni kwamba mwili hushika haraka kuliko moyo. Unaweza kumaliza mwaka mzima ukisema kwa miguu kwamba makao yako si hapa, na huku unatoa hongo upate kiwanja hapa. Paulo kwenye 1 Wakorintho 14 alitaka kuimba kwa roho, na kwa akili pia. Tena anataja viwili hivyo pamoja, hakutupa nafasi ya kuchagua.

Kuhusu rimiksi, nitasema maoni yangu na unaweza kunipinga kwenye maoni hapo chini, kwa heshima. Nami napenda ile ya kwanza. Nomcebo akiwa peke yake, ninasikia mtu mmoja na Mungu wake. Inapoingia sauti ya pili, ya nyota mwenye mambo yake, kwa sikio langu sala inageuka mazungumzo ya watu wawili, na mimi nakuwa mtazamaji. Halafu kuna zile za madijei wa harusi na matatu, zinazokata beti na kubakiza kiitikio na ngoma. Hizo zimeondoa ombi, zimebaki na jina la mji.

Hata hivyo nikijiheshimu lazima nikiri kwamba na sisi ni kanisa la rimiksi. Tenzi tulizopokea kwa wamishonari zilikuja na kinanda cha pole pole. Baba zetu wakaweka kayamba. Kaka zetu wakaweka gitaa la rumba. Sisi tumeweka kibodi yenye ngoma ndani yake, na kila kizazi kiliambiwa kimeleta dunia madhabahuni. Mtu aliyenilea kiroho alikatazwa kuleta gitaa kanisani. Nami nilipokuwa na nguvu, nikavuta waya.

Kwa hiyo swali langu siku hizi si mdundo umetoka wapi. Nauliza, katika kubadilishwa huku, ombi bado limo? Tenzi ya kinanda inaweza kuwa imekufa, na hausi ya Limpopo ikawa hai. Inawezekana pia ikawa kinyume. Huwezi kujua bila kusikiliza maneno.

Kuna jambo jingine, na hili linanikera kuliko mdundo. Mwaka 2021 kampuni ya Warner Music iliwadai ada ya leseni baadhi ya waliotengeneza video za chalenji Ujerumani, zikiwemo taasisi za umma. Watu wakakasirika: manesi mnawadai pesa kweli? Mimi sikukasirika sana. Kazi ya mtu ni kazi. Lakini mwaka huohuo Nomcebo mwenyewe akasema hadharani kwamba malipo yake ya wimbo ule hajayapata. Kampuni iliyousimamia wimbo ilikuwa na maelezo yake tofauti, na mimi si hakimu wao. Lakini wazia: dunia nzima inacheza sala yako, na wewe uko kwenye simu unauliza pesa iko wapi. Soma Yakobo 5:4, uone ni masikio ya nani yanayofikiwa na kilio cha ujira uliozuiliwa.

Na kabla hatujainyoshea kidole Johannesburg, nani anamlipa mpiga kinanda wetu? Nani alimlipa yule kijana wa mitambo miaka minne, kila Jumapili anafika saa kumi na mbili asubuhi na kuondoka wa mwisho? Tulimwambia atalipwa mbinguni. Fundi wa bati la kanisa hatukumwambia hivyo, tulimlipa siku ile ile, maana angeng'oa bati.

Kijana yule nilimpigia simu mwaka jana. Nilichelewa, najua. Siku hizi anaendesha sauti kwenye harusi na mikutano, ana vyombo vyake mwenyewe. Nikamwambia, "Ndugu yangu, nilikosea. Sikuuliza." Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Pasta, mama yangu alikuwa kwenye oksijeni wiki ile. Huo ndio wimbo aliokuwa anaupenda." Sikuwa nalijua hilo. Mama yake alipona, utukufu kwa Mungu, na ana ushuhuda wake. Lakini mimi nilivuta waya wakati bado hajapona. Halafu akaongeza, maana ni mtu wa utani, "Na ile spika uliiunguza, pasta. Haikuwa ya kanisa. Ilikuwa yangu." Kamati ya fedha inisikie: hiyo itatoka mfukoni mwangu.

Yule mama wa harusini nilimjibu hivi: "Mama, nauruhusu, na ukirudi nyumbani nitakutumia maana yake." Akarudi kwenye mstari. Hatua zake zilikuwa sahihi kuliko zangu.

Jumapili hii ibada ya vijana ni saa nane mchana. Kila mmoja aje na wimbo mmoja anaousikiliza kwenye simu yake, wa kanisa au wa nje, na awe tayari kutueleza unasema nini. Dada yetu wa Durban atakuwepo kwa ajili ya Kizulu. Kijana wangu amekubali kuja kukaa kwenye meza ya mitambo kwa siku moja, kwa malipo, tumeshaelewana. Mimi nitakaa upande wa pili, mbali na waya.