Chini ya Nani?

Mtu akikuambia eti "kila mtu alianzia chini," muulize: chini ya nani?

East Harlem, New York, kuna kanisa la Bikira Maria wa Mlima Karmeli. Lilijengwa 1884 kwa jasho la wahamiaji Waitaliano. Wanaume walitoka vibarua jioni, wakashika sururu na kuchimba msingi. Wenye farasi na mikokoteni wakabeba vifaa. Kanisa likaisha, halafu? Juu wakasali Wairishi na Wajerumani. Waliolijenga wakapelekwa chumba cha chini ya ardhi. Sanamu ya Mama yao ilipandishwa juu 1923.

Mimi niliacha chuo njiani, lakini hesabu hiyo naiweza. Miaka 39.

Wapenda hadithi tamu huishia hapo: walivumilia, wakapanda, amina. Sasa ngoja. Baadaye watu wa Puerto Rico walihamia mtaa huohuo, Wakatoliki vilevile, maskini vilevile. Waitaliano wengi wakawakunjia uso, hata kanisani. Watu waliojua baridi ya kule chini!

Kwa hivyo msinihubirie kwamba mateso hufundisha huruma. Yangekuwa yanafundisha, parokia hii ingekuwa ya kwanza kufungua mlango.

Leo, kila Julai 16, Wahaiti hufurika pale kumheshimu Mama yuleyule. Vizuri. Lakini historia ya parokia isomwe yote: waliosukumwa chini, na waliowasukuma wengine baada ya kupanda.