Pumzi Isizuiwe: Mzamiaji Mwanafunzi Afundishwe Sababu

Katika mwambao wa Afrika Mashariki wako vijana wengi waliozoea kupiga mbizi tangu utotoni. Huvuta pumzi moja kubwa wakiwa juu ya maji, hufumba mdomo, hushuka mita kadhaa kutafuta pweza au kombe, kisha hurejea juu salama. Kijana wa namna hiyo anapokwenda kujifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa ili apate cheti cha kwanza, watu hudhani kwamba nusu ya kazi imekwisha. Dhana hiyo ni ya hatari. Huyo ndiye mwanafunzi anayestahili kuangaliwa zaidi, kwa kuwa tendo lile lile lililomlinda miaka yote, yaani kuzuia pumzi, ndilo linaloweza kumwua.

Sababu yake imo katika somo la fizikia. Juu ya bahari, hewa hugandamiza kila kitu kwa kanieneo ya angahewa moja. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza takriban angahewa moja nyingine. Mwaka 1662 Robert Boyle alieleza kwamba ujazo wa gesi hupungua kadiri kanieneo inavyoongezeka, iwapo halijoto haibadiliki. Kwa hiyo mpiga mbizi aliyejaza mapafu lita 6 za hewa juu ya maji, akashuka mita 10, hewa yake hubanwa ikawa lita 3. Akirudi juu, hewa hiyo hutanuka na kuwa lita 6 zile zile alizoanza nazo. Mapafu hayazidiwi, hata akifumba mdomo njia nzima.

Mwenye mtungi yuko katika hali nyingine kabisa. Mwaka 1943 Wafaransa wawili, Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan, walitengeneza kipumulio kinachompa mzamiaji hewa kila anapovuta, kwa kanieneo iliyo sawa na ya maji yanayomzunguka. Mzamiaji aliye mita 10 chini ya maji hujaza lita 6 za hewa iliyokwisha kubanwa. Akizuia pumzi na kupanda, hewa hiyo hutaka nafasi ya lita 12 ndani ya kifua kisichoweza kuipokea. Vifuko vidogo vya hewa katika mapafu hupasuka, mapovu huingia katika damu na huweza kufika kwenye ubongo. Mtu huyo huenda akapoteza fahamu punde tu baada ya kutokeza juu.

Jambo jingine huwashangaza wanafunzi. Wengi hudhani kwamba hatari iko kilindini tu, na kwamba karibu na uso wa bahari ni mahali pa salama. Hesabu yasema vinginevyo. Kutoka mita 20 hadi mita 10, kanieneo hushuka kutoka angahewa 3 hadi 2, na lita 6 huwa lita 9. Kutoka mita 10 hadi juu, kanieneo hushuka kutoka 2 hadi 1, na lita 6 huwa 12. Mita za mwisho ndizo zenye mabadiliko makubwa kuliko zote. Wazamiaji wamewahi kudhurika katika maji ya kina kisichozidi kile cha bwawa la kuogelea.

Kozi za cheti cha kwanza huanza katika bwawa au maji ya kina kifupi, na kwa kawaida humalizika kwa mizamo minne baharini. Nyingi huchukua siku tatu au nne. Kanuni ya kwanza inayotajwa ni kwamba mzamiaji apumue mfululizo, wala asizuie pumzi kamwe. Kanuni ni sahihi. Kasoro ni kuitoa kama amri ya kukaririwa, kisha kuhesabu kwamba imefahamika.

Wapo wakufunzi wanaosema kwamba maji yanapoingia katika miwani na hofu ikapanda, hakuna anayemkumbuka Boyle. Kinachomwokoa mtu ni mazoea. Hoja hiyo ina uzito, wala haipasi kupuuzwa. Ndiyo maana mwanafunzi hufundishwa kwamba kila kipumulio kinapotoka mdomoni, aendelee kutoa mapovu madogo. Na zoezi hilo lapaswa kurudiwa hata lifanyike bila kufikiriwa. Lakini kijana wa pwani ana mazoea tayari, nayo ni ya kinyume. Mazoea ya siku tatu hayawezi kuyashinda mazoea ya miaka kumi kwa amri peke yake. Ni lazima mwenyewe aone kwa nini ya kale yalikuwa sahihi kwa pumzi ya juu, na kwa nini ni makosa kwa pumzi ya chini.

Kwa hiyo yafaa mkufunzi amwulize kila mwanafunzi, kabla ya kuingia majini, kama amezoea kupiga mbizi bila mtungi. Yafaa pia mwanafunzi aeleze tofauti hiyo kwa maneno yake mwenyewe, katika lugha anayofikiria kwayo. Na kwa vijana wengi wa mwambao, lugha hiyo ni Kiswahili. Na cheti kitolewe pale mwanafunzi anapoonyesha utulivu majini, hata kama siku zilizopangwa zimepita. Cheti hicho kwa kawaida humruhusu kushuka hadi mita 18, mahali ambapo mkufunzi huenda hayupo tena kumkumbusha.

Shule za sekondari nazo zina sehemu yake. Mwalimu wa fizikia hahitaji bahari. Achukue bomba la sindano lisilo na sindano, avute hewa, azibe tundu kwa kidole, kisha asukume hadi hewa ibaki nusu ya nafasi yake. Akiachia mchi, hewa itaurudisha karibu na pale ulipoanzia: huyo ni mpiga mbizi wa pumzi moja. Kisha asukume tena, na hewa ikiwa imebanwa awaulize wanafunzi ingekuwaje kama bomba lingejazwa upya kwa hewa iliyobanwa vivyo hivyo, nalo halina pa kutolea. Mwanafunzi atakayelijibu swali hilo darasani atakuwa amejua jambo la kwanza ambalo mzamiaji hana budi kulijua, hata kabla hajavaa mtungi.