Kupanda mti si kazi, kazi ni ndoo ya maji

Jamani, leo nina hasira. Na kabla sijawasema wengine, naanza na mimi mwenyewe.

Mwaka jana mwezi wa nne nilipanda miche sita nyumbani kwa mama, Kimara. Miembe miwili, mlimao, mwarobaini na asumini mbili za kupendezesha kibaraza. Nikapiga picha, nikawatumia marafiki, nikasifiwa sana. Nikamwambia mdogo wangu, "Uwe unamwagilia," nikarudi zangu mjini.

Mwezi wa tisa narudi, nakuta uliopona ni mlimao peke yake. Nikamfokea yule kijana mpaka mama akatoka nje.

"Mwanangu, huyu kila jioni yuko hapa na kopo lake. Ulimfundisha kumwagilia, au ulimwamuru tu?"

Sikuwa na jibu. Ningemfundisha nini wakati mwenyewe sijui?

Ndiyo sisi hao, wasomi wa mjini. Mabadiliko ya tabianchi tunayaandikia kurasa kumi bila kupumua, lakini mche mmoja unakunywaje maji hatujui.

Haya, niliyojifunza baada ya msiba ni haya. Kopo moja kila siku ni kuunyima mti huku ukidhani unaupa. Maji yanalowanisha udongo wa juu tu, na jua la Dar linayamaliza kesho yake asubuhi. Mizizi hufuata maji yalipo. Yakiwa juu, nayo inabaki juu. Siku bomba likikauka au mkisafiri, kwisha habari.

Mlimao ulipona kwa nini? Uko pale mama anapomwaga maji ya mwisho ya kusuuzia nguo. Beseni zima, kila Jumatano na Jumamosi. Hakuna aliyempa mama semina.

Kwa hiyo ni hivi. Wiki za kwanza mizizi yote bado imo ndani ya lile bonge la udongo wa kwenye kiriba, basi maji yaende palepale, kila baada ya siku moja au mbili. Mche ukishashika, zungushia tuta dogo la udongo mithili ya sahani, umwage lita 10 taratibu, mara mbili kwa wiki. Panua sahani hiyo kadiri mti unavyokua. Tandaza majani makavu juu ya udongo, ila yasiguse shina. Udongo wa kichanga haukai na maji, utaongeza siku. Wa mfinyanzi utapunguza. Na kabla ya kumwaga chochote, ingiza kidole ardhini. Kukiwa na unyevu, acha! Kuna wanaoua kwa mapenzi: wakiona majani yamelegea wanaongeza maji, kumbe mizizi imekosa hewa, inaoza.

Halafu kuna wale wa "mwarobaini hauhitaji maji". Mwarobaini mkubwa, sawa. Ule ulioshuka jana kutoka kwenye kiriba ni mtoto mchanga kama wengine. Wangu ulikufa.

Najua mtakachosema: "Maji yenyewe yako wapi?" Ni kweli. Oktoba 2022 maji ya Mto Ruvu yalipungua na Dar ikaingia kwenye mgao, hatujasahau. Lakini tupige hesabu. Lita 20 kwa wiki ni ndoo moja. Kuanzia Juni hadi Septemba, masika yakishaondoka, ni wiki 17. Ndoo 17 kwa mti mmoja! Anayeosha gari kila Jumamosi kwa ndoo tatu tu, muda huohuo ametumia ndoo 51. Na maji ya kusuuzia yanatoka kila nyumba. Tatizo letu si maji peke yake. Tatizo ni kwamba kumwagilia hakupigiwi picha.

Tumejifunza wapi tabia hii? Kila mwaka, siku ya kitaifa ya kupanda miti, taifa linapanda miti. Mgeni rasmi anashika koleo, kamera zinalia, tunatangaziwa miche mingapi imepandwa. Mimi mwandishi nimeziandika habari hizo, na sikumbuki hata siku moja niliporudi mwezi wa kumi kuhesabu iliyo hai. Mkubwa anapanda, mdogo anamwagilia, na mti ukifa wa kulaumiwa ni mdogo. Ndicho hasa nilichomfanyia mdogo wangu.

Wangari Maathai aliliona hili mapema. Vuguvugu la Green Belt alilolianzisha Kenya mwaka 1977 liliwalipa akina mama kiasi kidogo kwa kila mche uliopona, si kwa kila mche uliopandwa. Hapo ndipo penye tofauti kati ya sherehe na kazi.

Msimamo wangu ni huu: kama hujui nani atabeba ndoo mwezi wa nane, na hujamwonyesha namna ya kuimwaga, usipande. Panda mmoja uulee, kuliko kumi uizike. Na siku hiyo ikija tena tusiulize imepandwa mingapi. Tuulize ya mwaka jana iko wapi.

Mdogo wangu nimemwomba radhi. Mwaka huu tumepanda mwembe mmoja, na zamu ya Jumamosi ni yangu.

Wako wewe, ndugu yangu, bado uko hai?