Mwenye Jengo Asinawe Mikono



Yako maneno tunayoyatamka makaburini ambayo yafaa tuyapime upya. Kijana ameanguka kutoka ghorofa ya tatu alipokuwa akipaka rangi ukuta wa nje wa jengo la maduka. Tunakusanyika, tunaimba, tunasali, kisha mmoja wetu anasimama na kutuambia kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Kweli, ya Mungu haina. Lakini ngazi iliyoungwa kwa mpira wa tairi si kazi ya Mungu. Jukwaa la mirunda iliyooza si kazi ya Mungu. Kamba ya manila iliyozungushwa kiunoni badala ya mkanda wa usalama si kazi ya Mungu. Hiyo ni kazi ya watu wenye majina, walioketi mezani wakapunguza gharama. Na kumsingizia Mungu hesabu yao ni kufuru, hata ikitamkwa kwa machozi.

Maandiko Matakatifu hayakulinyamazia jambo hili. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aya ya 8, kinamwagiza mtu ajengaye nyumba mpya aizungushie dari yake ukuta mdogo wa kinga, kwa kuwa mtu akianguka kutoka juu, hatia ya damu itakuwa juu ya nyumba ile. Tuangalie vema anayeagizwa ni nani. Haagizwi yule apandaye darini kwamba awe mwangalifu. Anaagizwa mwenye nyumba, tena anaagizwa wakati wa kujenga, kabla mtu yeyote hajaanguka. Sisi tumeigeuza amri hiyo juu chini: mwenye nyumba hulala usingizi, na maskini ndiye anayeambiwa ajihadhari.

Jengo zima linapoporomoka, taifa hulia. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka na watu 36 wakapoteza maisha. Tarehe 16 Novemba 2024 tukaona msiba mwingine wa namna hiyo Kariakoo. Nyakati hizo viongozi hufika, na maswali huulizwa hadharani. Lakini yule aangukaye peke yake kutoka kwenye bango la duka haulizwi na mtu. Hupakiwa kwenye bajaji kupelekwa hospitali, na kesho yake kijana mwingine hupanda palepale kumalizia herufi zilizobaki.

Kazi hizi za nje ya majengo hazina mwisho. Ukuta hupauka kwa jua, mifereji ya paa huziba, vioo huhitaji kufutwa, na katika miji yetu ya pwani hewa ya chumvi hula bolti za mabango hata chuma kinene kikalegea juu ya vichwa vya wapita njia. Kila mpangaji mpya wa fremu hutaka jina lake liwe kubwa kuliko la jirani. Basi mwenye jengo humwambia mpangaji ajitegemee. Mpangaji huwapa kazi watengenezaji wa mabango. Hao humtafuta fundi. Fundi naye huokota vibarua wawili kijiweni asubuhi. Kila mkono hukata fungu lake, na kinachobaki kwa apandaye hakitoshi kununua hata kofia ngumu. Akianguka, kila mmoja humnyoshea mwenzake kidole. Pilato aliomba maji akanawa mikono mara moja tu. Hapa watu wanne wananawa katika beseni moja!

Sheria ya nchi ipo. Tanzania ilitunga Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Na. 20 ya mwaka 2008. Mwezi Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani liliingiza mazingira salama ya kazi katika haki za msingi za mfanyakazi. Lakini kibarua aliyeokotwa kijiweni hajaandikwa popote. Mjane wake atapeleka karatasi gani kudai fidia? Nalo Kanisa limekwisha kusema. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba mbali na mwajiri anayepatana na mfanyakazi ana kwa ana, yupo mwajiri mwingine aliye nyuma yake, ambaye uamuzi wake ndio unaoweka masharti ya kazi, na ambaye naye anawajibika kweli. Mwenye jengo anayechagua zabuni ya bei ya chini kuliko zote, bila kuuliza ni kwa nini imekuwa ya chini, ndiye huyo.

Wengine watasema fundi ni mzoefu. Uzoefu haupunguzi mwendo wa kuanguka: atokaye meta 5 juu hufika chini kwa muda wa sekunde moja, akienda kwa kasi ya zaidi ya kilometa 35 kwa saa, awe stadi au mwanagenzi. Wengine watasema mafundi wenyewe hukataa mikanda. Wapo, sikatai, lakini alipwaye kwa ukuta badala ya siku hukataa chochote kinachomchelewesha, na mapatano ya malipo hayo aliyaandika nani? Tena mkanda peke yake hautoshi. Ni lazima uwe wa kushika mwili mzima, kwani ule wa kiunoni humvunja mtu anaponaswa nao. Ni lazima ufungwe mahali imara, si kwenye bomba la maji wala chuma cha bango lenyewe. Na chini awepo mwenye kujua namna ya kumteremsha upesi, kwa sababu aning'iniaye muda mrefu bila kusogea anaweza kufa akiwa hewani. Bora zaidi ni jukwaa thabiti lenye vizuizi pande zote. Ngazi iwe kwa kazi fupi tu, tako lake likae meta 1 mbali na ukuta kwa kila meta 4 za kwenda juu.

Sasa tujitazame wenyewe. Parokia nyingi zimejenga vitega uchumi: fremu barabarani, kumbi, hosteli. Kodi yake hulipa umeme wa kanisa na posho za makatekista. Je, rangi ya fremu hizo ilipakwa na nani, akisimama juu ya nini? Mabango ya wapangaji wetu yalipandishwa na nani? Nimewasikia viongozi wa walei wakijisifu kwamba waliokoa fedha za parokia kwa kumpata fundi wa bei nafuu. Waliziokoa kutoka mgongoni mwa nani?

Tume inaiomba kila halmashauri ya parokia yenye jengo la biashara ilijibu swali hilo kwa maandishi katika kikao chake kijacho. Gharama ya jukwaa na mikanda iandikwe katika zabuni kama fungu lake lenyewe, lisilopunguzwa katika mapatano ya bei. Mkataba wa mpangaji useme bango litapandishwa kwa namna gani na nani atalikagua kila mwaka. Na jina la kila kibarua, pamoja na la mtu wa kuarifiwa nyumbani kwake, liandikwe katika daftari la parokia asubuhi ya siku ya kwanza, kabla hajagusa ngazi.