Uko Ghuba, nyumba inajengwa Likoni: Piga simu dukani wewe mwenyewe

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Walisema hayo kabla ya simu. Siku hizi kijana wa Mtongwe anaweza kuwa Doha na akajua mabati yake yameshushwa saa ngapi, rangi gani na mangapi. Anahitaji vitu viwili tu: awe na nambari sahihi ya duka, na mwenye duka ashike simu. Hivyo viwili ndivyo vinavyotushinda.

Zunguka Likoni, Kisauni au Changamwe uulize. Ni nadra ukose nyumba yenye mtu Saudia, Qatar au Dubai. Mwaka 2024, kwa mujibu wa Benki Kuu ya Kenya, Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9, na Saudia ni miongoni mwa nchi zinazotoa fungu kubwa. Hizo ni pesa za watu wanaofua, wanaopika, wanaolinda mageti na kuendesha magari ya wengine.

Sasa niambie, zikifika huku zinapitia mkononi mwa nani?

Wengi wetu tunajua jibu. Unamtumia kaka, kaka anunue simiti. Si lazima kaka awe mwizi. Pesa zimeingia Jumatatu, Jumanne mama akaugua, Jumatano mtoto wa dada akafukuzwa shule kwa ajili ya karo. Kufika Ijumaa, pesa za mifuko hamsini zimebaki za mifuko ishirini, na kaka anaona haya kukwambia. Wewe ukirudi baada ya miaka miwili unakuta msingi na nyasi. Hapo undugu ndio unaovunjika, kabla hata ya nyumba kusimama.

Ndiyo maana nasema: piga simu dukani wewe mwenyewe. Uliza bei, uliza gharama ya kubeba mzigo, lipa kwa nambari ya Lipa na M-Pesa ya duka lenyewe, kisha utumiwe picha ya risiti. Kaka abaki na kazi ya kupokea mzigo na kuhesabu. Hapo unamlinda yeye kama unavyozilinda pesa zako, kwa sababu hakuna wa kumkopa pesa ambazo hakuzishika.

Lakini simu ya kutoka ng'ambo haipigwi kama unavyopiga ukiwa Bombolulu. Ile sifuri ya mwanzo inaondoka, mahali pake panaingia +254. Kwa hivyo 0722 inakuwa +254 722, na simu ya mezani ya Mombasa yenye 041 inakuwa +254 41. Zile nambari fupi za tarakimu tatu au tano za huduma kwa wateja, na zile za bure zinazoanza na 0800, kwa kawaida hazipatikani ukiwa na laini ya nchi nyingine. Hizo ndizo tulizozoea, na hizo ndizo zinazokuacha mkono siku benki imefunga akaunti yako.

WhatsApp nayo usiitegemee kwa kila kitu. Dubai na kwingineko katika Falme za Kiarabu, ujumbe na sauti za kurekodi zinapita, lakini simu za WhatsApp zimezuiwa. Usidanganywe ukwepe kwa VPN. Sheria za huko zina faini inayoweza kumeza mishahara yako yote.

Kwa hivyo kabla hujapanda ndege pale Moi, fanya kazi ya siku moja. Pita benki, hadiwea, shule ya mtoto na kwa mwenye nyumba. Kila mahali uliza nambari kamili inayopigika kutoka nje, jina la mtu wa kuongea naye, na barua pepe. Zihifadhi kwenye simu zikiwa na +254 tayari, halafu ziandike pia kwenye daftari, maana simu hupotea. Nambari usizitafute Facebook ukiwa na haraka. Matapeli wamejaa huko wakijiita huduma kwa wateja. Na laini yako ya Kenya usiiache ife. Uliza kampuni yako utaiwekaje hai ukiwa nje, kwa sababu msimbo wa siri wa benki unatumwa kwenye nambari hiyo hiyo.

Panga na saa pia. Saudia na Qatar saa zao ni sawa na zetu, Dubai na Oman wako mbele kwa saa moja. Aliyeajiriwa Saudia au Qatar kwa kazi ya kupumzika Ijumaa ana bahati, kwa sababu siku hiyo ofisi za Changamwe ziko wazi. Ila dada anayefanya kazi za nyumbani anaweza kushika simu yake saa nne usiku tu, wakati kila duka limefungwa.

Hapa nawageukia nyinyi wenye biashara. Mteja huyo wa saa nne usiku ana pesa na hana pengine pa kuuliza. Mbona kwenye bango lako hakuna nambari kamili? Mbona simu ikianza na +966 unaiogopa kama ya deni? Weka nambari moja yenye +254, weka kijana wa kujibu ujumbe asubuhi, tuma risiti bila kusukumwa. Akiridhika mmoja, chumba kizima cha wenzake kule kitajua jina la duka lako.

Najua utaambiwa, "Kwani sisi hutuamini?" Jibu kwa upole: nawaamini, ndiyo maana sitaki pesa zitugombanishe. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la mtu aliye mbali ni simu na risiti. Mama mtumie pesa zake za matumizi kando, azijue ni zake. Za simiti ziende kwenye simiti.

Simu nayo ina mipaka. Ploti ya Kisauni usiinunue kwa maneno ya mtu usiyemjua, hata akiwa na sauti ya imamu. Hapo tafuta wakili, na yeye pia mpigie mwenyewe.

Kama safari yako ni mwezi ujao, anza leo na nambari tatu: benki, duka, shule. Zipige ukiwa bado hapa usikie nani anashika. Asiyeshika simu yako ukiwa Likoni, usitarajie ataishika ukiwa Riyadh.