Kimya cha Mtoto si Ujinga

Mwalimu mmoja wa Gredi ya 7, ambaye zamani nilimfunza chuoni, alinionyesha muhula uliopita jedwali lake la tathmini. Mkabala na jina la msichana mmoja alikuwa ameandika: 'Mbali na matarajio.' Nilipomwuliza sababu, alijibu kwamba mtoto huyo akiulizwa swali darasani hafungui kinywa.

Jibu hilo lilinikumbusha kazi ya Sara Harkness na Charles Super, wataalamu kutoka Marekani walioishi miongoni mwa Wakipsigis wa Kokwet katika miaka ya 1970. Waliwasimulia watoto hadithi, kisha wakawataka waisimulie upya. Wengi wao, hasa wadogo, walinyamaza. Mtafiti wa tarakimu tupu angeandika sufuri na kufunga daftari. Hawa walikaa manyumbani, wakasikiliza jinsi mama anavyosema na mwanawe. Walibaini kwamba mama humwagiza mtoto zaidi ya kumhoji. Mtoto mwema husikia na kutenda; kumhadithia mtu mzima jambo ambalo mtu huyo analijua tayari si mazungumzo aliyoyazoea. Hata neno lao ng'om, ambalo twalitafsiri kwa pupa kuwa 'mwerevu', lilikuwa na sura mbili: kuna ng'om wa nyumbani, aonaye kazi akaifanya pasi na kutumwa, na kuna ng'om wa shuleni. Mtu aweza kuwa mmoja asiwe wa pili.

William Labov naye alieleza kisa cha mvulana wa miaka minane huko Harlem, New York, aliyemjibu mhoji kwa neno moja moja. Mhoji yule yule alipoketi sakafuni, akamleta rafiki wa mtoto pamoja na krispi, maneno yalibubujika.

Sasa mtaala wetu wa umilisi umemfanya mwalimu kuwa mtafiti wa aina hii, apende asipende. Kwa wanafunzi wa kwanza waliofanya KJSEA mwaka 2025, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 zilichangia asilimia 20 ya alama za mwisho. Si haba hata kidogo. Lakini kutazama kuna masharti yake: mtu aandike alichokiona kabla ya anachokidhani, atazame mahali zaidi ya pamoja, awaulize wahusika maana ya walitendalo. Jedwali nililoonyeshwa lilikuwa na nafasi ya hukumu. Nafasi ya ushahidi haikuwapo.

Wapo wasemao kwamba jicho la mwalimu lina upendeleo. Ni kweli. Ila alama iliyozaliwa na kimya nayo ina upendeleo, tofauti ni kwamba imevaa koti la hesabu. Wala simlaumu mwalimu yule, mwenye wanafunzi 62 na daftari moja. Wanaomdai majedwali wangempa kwanza saa za kutazama.

Nilimwomba amfuatilie msichana huyo nje ya darasa, na aandike. Wiki iliyopita alinisomea maandishi yake: wakati wa kazi za vikundi, ndiye anayewafafanulia wenzake maagizo ya mwalimu kwa lugha ya mama.